Uso Usiosema Kitu

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa kuuliza watu maswali huku nikiwa gizani. Katika majaribio yale ya dawa ya sonona, nusu ya washiriki walimeza dawa, nusu vidonge vinavyofanana nayo ila havina dawa ndani. Wao hawakujua nani kapata nini. Na mimi muulizaji sikuambiwa, ili matumaini yangu yasipenye kwenye alama nilizoyapa majibu yao.

Nikaona haitoshi. Nikitabasamu mtu anaposema analala vizuri, si nitakuwa nimemfundisha jibu? Nikafanya mazoezi mbele ya kioo mpaka nikapata uso usiosema kitu. Hata shikamoo niliitoa kama naita majina darasani.

Mama mmoja, mkulima wa vitunguu kutoka Mtinko, alikuja mara tatu. Mara ya kwanza alilia. Zilizofuata, kila jibu lilikuwa zuri: analala, anakula, anacheka. Nilifurahi kimoyomoyo, uso nikaubana. Nilipofunga fomu ya mwisho, akanishika mkono.

"Mwanangu, umefiwa na nani?"

Nikamwambia sijafiwa.

"Basi unaumwa. Mimi nakujibu vizuri nisikuongezee mzigo."

Sasa sikujua kama amepona au alikuwa ananihurumia tu. Hakuna mwingine aliyesikia, ningeweza kunyamaza. Lakini niliwakumbuka wote waliowahi kuutazama uso ule.

Nilikwenda kwa daktari kiongozi na barua ya kuacha kazi mfukoni. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaliandika tukio lile kwenye kumbukumbu za utafiti, akampangia mama yule muulizaji mwingine, nesi wa makamo, na kuniagiza nijifunze upya kusalimia watu. Alama mpya sikuruhusiwa kuziona. Nilizifikiria nikipiga mswaki, nikifua, nikisali.

Wiki mbili baadaye, siku ya mnada wa Mtinko, nilimkuta mama yule amekaa kati ya magunia yake ya vitunguu, akitaniana na wateja. Sikuwa tena muulizaji wake, nikasogea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo huna fomu. Haya, niulize."

Nikamuuliza amelalaje.

"Fofofo. Jogoo kaniita mpaka kachoka mwenyewe."

Kama alimeza dawa au unga mtupu, hakuna kati yetu aliyejua. Nilicheka kwa sauti, kifua chote kikafunguka. Mama akawageukia wateja wake.

"Mnamwona huyu? Kumbe ana meno."