Fundi aliyeikimbiza kompyuta mpaka umeme ukaisha

Saa mbili asubuhi, baridi ya Thabong, kitongoji cha mji wa Welkom nchini Afrika Kusini, inapenya hadi kwenye mifupa, na Tshokolo Ramabodu ameshafungua kontena lake la ufundi. Anapuliza vumbi kwenye feni ya kompyuta ya mteja, mwanamke aliyesimama mlangoni na blanketi mabegani.

"Abuti Tshokolo, imekufa au imezimia?" anauliza. Kwa Kisotho, abuti ni kaka na ausi ni dada.

"Imezimia tu, ausi. Pua zimeziba. Ikipumua itaamka."

Anaipuliza tena feni. Kwao Tshokolo, kupumua si jambo la mzaha.

Ana miaka 38, na mwezi mzuri humwachia randi elfu sita hivi. Baba yake, Ntate Pheello, alichimba dhahabu katika migodi ya Welkom zaidi ya nusu ya umri wake, akarudi nyumbani na vumbi la mawe kifuani. Miaka yake ya mwisho alitegemea mashine ya oksijeni, ile inayochomekwa ukutani na kumpelekea mtu hewa puani kwa mrija.

Kifua hicho ndicho kilichomfanya Tshokolo ajitolee. Watafiti wa ng'ambo wanaosaka dawa ya mapafu wana hesabu nyingi kuliko kompyuta walizonazo. Huzigawa vipande vipande kwenye mtandao, na watu wa kawaida duniani kote huzikokotoa majumbani mwao bila malipo. Kila kipande hupewa watu wawili. Majibu yakilingana hupokelewa, na timu uliyojiunga nayo inapata pointi.

Tshokolo aliunda kompyuta yenye nguvu kwa vipuri vilivyotupwa, akaiweka chumbani kwa baba yake. Mzee alilipenda lile joto wakati wa baridi. Kila jioni aliuliza, "Leo tumewapita wangapi?" Akiambiwa timu ya Thabong imepanda, alicheka hadi kikohozi kikamshika. "Mapafu yangu yamegoma, lakini mashine yetu inapiga zamu mbili!"

Umeme wa nyumba hiyo ni wa kulipia kabla. Unanunua yuniti, zikiisha kila kitu kinazimika. Kazi ya kuzipigia hesabu ilikuwa ya Tshokolo, na hakuwahi kukosea.

Kisha, majira ya baridi yaliyopita, yakaja mashindano ya timu ya wiki moja. Tshokolo akaikimbiza kompyuta kupita mwendo ilioundiwa kiwandani.

"Ukitaka iende sehemu moja ya tano zaidi, lazima uiongezee volti, na hapo inakula umeme karibu mara mbili," anaeleza. "Nililijua hilo. Wateja nawaonya kila siku. Lakini nyumbani kwangu nikanunua yuniti kwa hesabu ya mwendo wa zamani. Pointi zilikuwa zimenipanda kichwani."

Ilikuwa Alhamisi, siku ya maombi ya akina mama. Mama yake, Mme Mamosa, alikuwa kanisani, Tshokolo yuko kontenani. Mchana yuniti zikaisha. Mashine ya oksijeni ikasimama, na kengele yake ya betri ikaanza kulia. Mtungi wa akiba wa oksijeni ulikuwa kando ya kabati, mahali ambapo Ntate Pheello hakuweza kufika peke yake.

Jirani yao, Dikeledi Mohapi, alikuwa akianika nguo.

"Mlio niliusikia vizuri kabisa," anasema, mkono shavuni. "Lakini nyumba ile inalia pii-pii mwaka mzima. Nikasema, ah, ni makompyuta ya abuti Tshokolo hayo. Nikaendelea kuanika. Mungu anisamehe."

Mme Mamosa ndiye aliyemkuta mumewe. Alikuwa kwenye kiti, ameinamia upande wa mtungi.

Daktari alimwambia Tshokolo kwamba mapafu yale yalikuwa yamechakaa, yangeweza kukoma siku yoyote. Hayo hayakumfariji. "Siku yoyote, sawa," anasema. "Lakini ilikuwa ile, na niliichagua mimi."

Baada ya mazishi alifungua ukurasa wa timu ili ajiondoe. Hapo akakutana na pigo la pili. Majibu ya wiki ile, karibu yote, yalikuwa yamekataliwa. Kompyuta iliyokimbizwa kupita kiasi huweza kukosea hesabu bila kuonyesha dalili, na yake ilikuwa imekosea siku nenda siku rudi. Umeme uliomkosesha mzee hewa haukuwafaa watafiti kwa lolote. Akaizima kompyuta, akaifunika shuka, na kwa miezi mingi hakutia mguu katika chumba kile.

Aliyemrudisha ni mama yake. Akiwa bado na nguo nyeusi za ujane, siku moja alimshika mkono akamwingiza humo.

"Hiki kitu utakifunika mpaka lini?"

"Nakiuza, Mme."

"Unauza nini? Baba yako akiulizwa huko aliko timu imefika wapi, ajibu nini? Kwamba mwanawe katoroka zamu?"

"Mme, mimi ndiye niliye…"

"Najua ulichofanya! Nimeolewa na mchimbaji. Mtu akitaka kuumaliza mwamba kwa siku moja, najua kinachotokea. Washa. Ila safari hii iende mwendo wa mtu mwenye akili."

Wakalia wote wawili, kisha Tshokolo akaiwasha.

Leo kompyuta hiyo inakwenda chini hata ya mwendo wa kiwandani. Kazi imepungua kidogo tu, umeme umeshuka hadi nusu, na majibu yanapokelewa. Timu ya Thabong imeporomoka hadi mkiani. Tshokolo hashughuliki.

Jumamosi hukusanya betri za akiba zilizotupwa na maofisi, anazifufua na kuzifunga kwenye mashine za oksijeni za wachimbaji wa zamani. Ameanza na mzee mmoja wa mtaa wa pili, na anataka kuwafikia wote wa Thabong kabla baridi haijazidi. Kila mashine anaiwekea honi kubwa ya gari, ili jirani akiisikia aache nguo zake na kukimbia.

Na ile dawa? Tshokolo anaweka bisibisi chini.

"Itapatikana. Labda na kipande changu kimo humo," anasema. "Ila siku hiyo mtu asije hapa kunipongeza. Nakuomba uliandike hilo."