Mashine Iliyokuwa Ikisubiri Theluji Kubwa

Mpaka leo nikiona mashine ya kurusha theluji dukani, imefungwa nailoni yake, mwili unanisisimka. Wenzangu kazini hunicheka. Wanasema wao wanaogopa barafu ya barabarani, mimi naogopa bidhaa. Waache wacheke. Hawakukiona nilichokiona mimi ndani ya gereji yetu, hapa Agincourt huku ughaibuni, mchana kweupe.

Nianzie kwenye moyo, maana bila moyo mashine ile tusingeinunua. Mume wangu alikuwa akiendesha folklifti, gari la kunyanyulia mizigo, kwenye ghala moja kule Mississauga. Mwanamume mwenye kifua kipana, hata panadoli hazijui. Majira ya joto yakielekea kuisha, akaanguka kazini. Hospitali wakamwekea kijiwaya kwenye mshipa wa moyo ili damu ipite, kisha wakamrudisha nyumbani na mfuko wa vidonge. Daktari wake alituketisha wote wawili. Akasema atembee, ale mboga, apunguze chumvi, na beleshi la theluji asiliguse tena maishani. Baridi inabana mishipa, kunyanyua kunaongeza mzigo, na moyo kama wake unaweza kusimama palepale mtu akiwa bado ameshika mpini. Alisema hivyo bila kupaka asali. Mume wangu akatikisa kichwa kukubali, mpole kama mtoto anayejiandaa kwa komunyo ya kwanza.

Tukiwa bado kwenye maegesho ya hospitali nikamwambia, "Baba, tunanunua mashine."

"Tutaona," akasema.

"Hatuoni. Tunanunua."

Kuchagua kukatutoa jasho. Mimi nilitaka ile ndogo ya umeme, nyepesi, haina kelele, unaisukuma kama fagio. Yeye akanipeleka barazani na kunionyesha njia yetu ya kuingizia gari. Ni pana, magari mawili yanakaa sambamba, tena ina mteremko. Akanikumbusha gari la manispaa, lile linalosukuma theluji barabarani kisha linatuachia ukuta mbele ya mlango, theluji imeshindiliwa na chumvi na matope mpaka imekuwa kama zege. "Hicho kifagio chako kitalia machozi pale," akasema. Hapo alikuwa sahihi. Tukaenda duka moja Richmond Hill, na muuzaji akatuelewesha kuwa zile ndogo zinakwangua theluji na kuirusha kwa pigo moja, na theluji ikiwa nzito zinakwama. Zile kubwa zina visu vya mbele vinavyoichimba, halafu feni ya nyuma inaitupa mbali kupitia bomba. Tukachukua kubwa ya petroli, nyekundu, ina taa mbele na magurudumu yenye meno.

Muuzaji alitupa na darasa. Mashine inakuja bila oili, usiiwashe kabla ya kuitia. Petroli isikae kwenye tangi mwaka mzima, inaharibika na kuziba kabureta. Kuna pini ndogo zinazokatika zenyewe visu vikigonga jiwe, ili injini ipone, kwa hiyo weka za akiba. Na bomba likiziba, usiingize mkono kamwe, hata kama umezima. Tumia kijiti chake. Mume wangu alisikiliza yote, akauliza maswali, akarudia mambo kwa sauti. Nilijivuna. Nikasema moyoni, huyu ameamua kuishi.

Sasa, lazima niseme jambo linalotuhusu sisi tuliokulia Morogoro, na nadhani si Morogoro peke yake. Kwetu kitu kipya hakitumiwi, kinatunzwa. Kwa mama yangu sofa lilikaa na nailoni yake mpaka nailoni ikachanika yenyewe. Rimoti ya televisheni ilivishwa mfuko na kufungwa mpira. Vikombe vizuri viliishi kabatini vikisubiri wageni ambao wakija wanapewa soda ya chupa. Hatuoni ajabu. Ndivyo mtu anavyoonyesha kuwa anajua thamani ya kitu. Kwa hiyo mashine ilipofika na mume wangu akasema nailoni tusiitoe kwanza, wala sikushtuka. Jumapili iliyofuata jumuiya yetu ya kanisani ilisali kwetu, na baada ya rozari wote wakaomba kuiona. Wakasimama gereji wameshika vikombe vya chai, wakaizunguka, wakapiga picha nayo. Mama mmoja, mwenyekiti wetu, akainyunyizia maji ya baraka. Wiki iliyofuata akaleta kitambaa alichokifuma kwa mkono, cheupe, chenye maua pembeni, akasema cha kuifunika dhidi ya vumbi. Tulicheka, tukashukuru, na mume wangu akaifunika pale pale, akinyoosha pembe za kitambaa kwa vidole.

Theluji ikaanza. Mimi ninafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, naondoka alfajiri na kurudi alasiri. Ninapoondoka theluji bado inadondoka. Ninaporudi, njia yetu imesafishwa hata unaweza kuanika mahindi juu yake. Kingo zimenyooka, ngazi zimepanguswa, chumvi imemwagwa. Nilimshukuru Mungu kila mara nilipokunja kona. Nilimuuliza, "Mashine imefanya kazi leo?" Akajibu, "Tunashukuru." Nikauliza, "Haikusumbui?" Akajibu, "Haina usumbufu wowote." Ndugu zangu, hakuna uongo hata mmoja kwenye majibu hayo. Nimeyarudia kichwani mara nyingi na sijaupata.

Kanisani nikawa mhubiri wa mashine. Niliwaambia wake wengine wawaachishe waume zao mabeleshi. Jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, mzee wa Kichina ambaye salamu zetu ni kupungiana mikono, siku moja alinisimamisha na kuniambia kwa Kiingereza chake cha polepole kwamba mume wangu ana nguvu sana. Nikacheka. Nikamwambia ni mashine. Akanitazama kama mtu asiyenielewa, akapunga mkono, akaingia ndani. Nami nikaingia kwangu na kupika ugali, sina habari.

Siku yenyewe ilikuwa ya dhoruba. Nilifika kazini nikakuta wenzangu wa zamu iliyotangulia wamekwama na kuamua kuendelea, hivyo watu wakazidi, na msimamizi akaniruhusu nirudi nyumbani kabla barabara hazijafungwa. Niliendesha kwa mwendo wa konokono. Nikakunja kona ya mtaa wetu asubuhi, saa ambazo sijawahi kuuona mtaa huo tangu baridi ianze.

Kule mwisho wa njia yetu, kwenye ule ukuta wa gari la manispaa, alikuwa amesimama mume wangu na beleshi.

Kwanza sikuamini kuwa ni yeye. Nilidhani tumepata kibarua. Alikuwa amefungua vifungo vya koti kwa joto, mvuke unamtoka kichwani, anachomeka beleshi, anakanyaga kwa mguu, ananyanyua donge la ukubwa wa mto wa kulalia, anatupa. Anasimama. Anaegemea mpini. Anachomeka tena. Nilisimamisha gari katikati ya barabara na kuliacha mlango wazi.

"Baba! Unafanya nini?"

Akageuka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefumaniwa. "Mama, mbona umerudi mapema?"

"Nimekuuliza unafanya nini!"

"Nanyoosha pembeni tu."

Nikamnyang'anya beleshi. Nilidhani mashine imeharibika, na tayari nilikuwa nimemkasirikia muuzaji wa watu. Nikaingia gereji mbio. Ilikuwa pale pale, chini ya kitambaa cheupe chenye maua. Nikakivuta. Nailoni ilikuwa bado imeizunguka yote, na gundi yake haijaguswa. Kwenye usukani lilining'inia lile karatasi jekundu la kiwandani linaloonya kuwa injini haina oili. Ufunguo wake wa plastiki ulikuwa ndani ya kifuko kilichozibwa. Kopo la oili na zile pini za akiba vilikuwa juu ya rafu, ndani ya mfuko wa dukani, risiti ikiwemo.

Nikakaa kwenye ndoo ya chumvi. Msimu mzima. Mashine ile haikuwahi hata kukohoa. Kila njia safi niliyomshukuru Mungu kwa ajili yake, kila ukingo ulionyooka, ni mgongo wake na ule moyo wenye kijiwaya.

Alikuja akasimama mlangoni, anahema. "Theluji yenyewe ilikuwa ya kawaida," akasema. "Nilikuwa naisubiri ile kubwa."

"Kubwa ipi? Dunia yote nyeupe huko nje!"

"Hii nayo imekuja na mchanga mwingi. Ingeikwaruza."

Akaendelea, taratibu, akiangalia chini. Alisema tangu tuje nchi hii hatujawahi kununua kitu ambacho hakikuwa na mtu kabla yetu. Sofa la kanisa. Gari lililopita kwa watu watatu. Hata koti alilovaa lilikuwa na jina la mtu mwingine ndani ya kola. "Hii peke yake ndiyo mimi nilikuwa wa kwanza," akasema. "Nilikuwa naona huruma kuichafua."

Hapo hasira na uchungu vikanibana pamoja. Na wakati anasema hayo nikaona anajikanda bega la kushoto kwa mkono wa kulia, kama mtu anayejikuna.

"Hilo bega limekuwaje?"

"Limekaza tu. Tangu juzi."

Gari lilikuwa bado barabarani, mlango wazi, linaunguruma. Nikamtia ndani kama alivyo, na viatu vya theluji. Njia nzima nilikuwa namsemesha ili nisikie akijibu. Hospitali walimchukua kabla sijamaliza sentensi. Mshipa mwingine ulikuwa umeanza kuziba, wakamwekea kijiwaya kingine. Yule daktari wake alipokuja alimuuliza kitu kimoja tu: si alimkataza beleshi, kwani nyumbani hakuna mashine? Mume wangu akaniangalia mimi nijibu. Utamweleza vipi mzungu wa watu kwamba mashine ipo, ila inatunzwa?

Waliporuhusu arudi nyumbani, theluji ilikuwa imejaa tena mpaka kwenye ngazi. Jirani mzee wa Kichina alikuwa ametukwangulia kinjia chembamba cha kupita mtu. Nilimkalisha mume wangu gereji kwenye kiti cha plastiki, nikamfunika blanketi mbili, nikamwambia kazi yake ni ya mdomo tu, kunisomea kijitabu cha maelekezo. Nikachukua kisu cha jikoni na kuichana nailoni kuanzia juu mpaka chini.

"Taratibu, mama," akasema. "Taratibu."

Nikamimina oili, nikapima kwa kijiti cha oili kama alivyonisomea. Nikatia petroli mpya. Nikachomeka ufunguo. Ilikuwa inang'aa, sitaki kusema uongo, ilipendeza mno. Nilimwona anavyoitazama na nikajua kabisa: nikirudi kazini, siku ya kwanza tu, huyu atairudishia kitambaa na kwenda kulitafuta beleshi popote nitakapolificha. Nikaogopa kuliko nilivyoogopa hospitali.

Beleshi lilikuwa limeegemea ukutani. Nikalishika kwa mikono miwili, na kwa ncha yake ya chuma nikaivuta ile rangi nyekundu, kutoka kwenye taa mpaka kwenye tangi. Ikatoa mlio wa kutia ganzi meno. Ukabaki mstari mweupe, mrefu, wa kupinda, wenye vipele vya rangi pembeni.

"Mama weee!" Alinyanyuka na blanketi zikaanguka. Sijawahi kumwona mume wangu ameshtuka hivyo, hata siku ya kijiwaya. "Umefanya nini? Umefanya nini, mama?"

"Nimeizeesha," nikasema, na machozi yalikuwa yananitoka. "Si mpya tena. Sasa itumie."

Akanyoosha mkono, akapitisha kidole juu ya mkwaruzo wote, mwanzo hadi mwisho. Nilingoja anitukane. Akakaa tena kwenye kiti chake, akaokota kijitabu sakafuni, akatafuta ukurasa.

"Funga choki kwanza, hicho kidude cha kuzuia hewa," akasema kwa sauti iliyokauka. "Halafu vuta kamba."

Alipopata nafuu na daktari akamruhusu kuisukuma, theluji ikaanguka nikiwa kazini. Nilipokunja kona alasiri ile niliisikia kabla sijaiona, inanguruma mtaa mzima kama lori bovu. Nikashusha vioo vyote vya gari, baridi ikaingia yote. Alikuwa anatembea nyuma yake polepole, koti limefungwa mpaka kidevuni, anasafisha njia ya jirani baada ya kumaliza ya kwetu. Mfukoni mwake kilining'inia kile kitambaa cheupe chenye maua, kimejaa oili.