Athanas na Foleni ya Maji ya Upako

Nimefanya kazi na Athanas miaka saba katika duka la steshenari mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Yeye hukaa mbele kwenye mashine ya kutoa kopi, mimi nyuma yake kwenye kompyuta. Ni mtu wa Ndanda, mrefu, mwenye miaka hamsini na moja, shati limechomekwa hata siku ya joto la kupasua kichwa. Hana mke. Wapagazi na machinga wa mtaani walimwita Mwandishi, kwa sababu kila mwezi alikuwa na makala kwenye ukurasa wa mwisho wa jarida la parokia yake.

Makala hizo nilizichapa mimi. Mimi ni Mwislamu, mtoto wa Magomeni, na labda ndiyo maana alipenda kunisomea kwanza. "Badria, sikiliza hii," angesema, huku mashine inatema karatasi za watu. Aliandika kwamba kwaya zimejifunza kuangalia kamera kabla ya kujifunza kupiga magoti. Aliandika kwamba ukimpa maskini kilo mbili za mchele na kumpiga picha, umemnunua kwa bei ya chini sana. Aliandika kwamba vijana wa sasa wanamwomba Mungu kama wanaoagiza chipsi, wanagonga meza zikichelewa. Nilikuwa nacheka. Mengine yaliniuma hata mimi, maana hayo si ya kanisani tu.

Ndugu yake pekee hapa mjini alikuwa mdogo wake, Jovitha. Baba na mama walifariki Jovitha akiwa darasa la nne, Athanas akamlea, akamleta Dar, wakawa wanaishi vyumba viwili vya nyumba ya Kiswahili Magomeni. Jovitha alikuwa anashona kwa cherehani barazani. Kisukari kilimpata miaka sita iliyopita, akawa anajichoma insulini asubuhi na jioni.

Mwaka huu, kabla ya masika, nabii mmoja aliyejiita Ezra alisimamisha hema kando ya Jangwani. Watu walipanga foleni toka saa kumi na mbili asubuhi kuchukua maji ya upako. Athanas alikwenda siku moja akasimama ng'ambo ya barabara na daftari lake, akaangalia saa nzima, akarudi dukani macho yanawaka. Makala ile aliiandika kwa kikao kimoja. Aliandika kwamba foleni ile si ya imani, ni ya watu waliochoka kufikiri. Katikati yake alimweka mwanamke mmoja aliyemwona kwa nyuma: amejitanda kanga kichwani, mguu umevimba, anaburuta ndala za kiume, chupa tupu ameikumbatia. "Anaburuta mguu kwenda kwa mwizi," aliandika, "na anamshukuru mwizi kwa kumfungulia mlango."

Makala ile ilitembea. Watu waliipiga picha wakaisambaza kwenye makundi ya WhatsApp. Padri alisoma kipande chake misani. Wateja walikuja dukani kumpa mkono. Sijawahi kumwona Athanas na furaha ile. Hata shati lilichomoka upande mmoja asijue.

Jumatano iliyofuata, kama saa nane mchana, Jovitha aliingia dukani. Alikuwa amekuja kwa bajaji, jasho linamtoka, jarida mkononi. Nikamwamkia, akaitikia bila kuniangalia. Alimwendea kaka yake.

"Nisomee hapa," alisema, kidole kwenye mstari.

"Jovi, umetoka nyumbani na jua hili? Keti kwanza."

"Nisomee."

Athanas alicheka kidogo, akidhani ni sifa zimemleta. Akasoma. Alipofika kwenye ndala za kiume sauti yake ilipungua, kwa sababu Jovitha alikuwa ameinua gauni hadi kwenye kifundo cha mguu. Mguu wa kulia ulikuwa umevimba mpaka unang'aa, kidole kidogo cheusi, kitambaa kimelowa. Na ndala zilikuwa za Athanas mwenyewe, zile za kuogea.

Mashine iliendelea kutoa kopi. Mteja mmoja alichukua karatasi zake akaondoka taratibu.

"Ni wewe?" Athanas alisema.

"Ni mimi niliyechoka kufikiri."

"Kwa nini hukuniambia mguu umefika huku?"

"Nilikuambia, kaka. Mwezi wa pili nilikuambia kuna kidonda, ukasema ngoja nimalize makala. Nikakuambia tena, ukasema tutakwenda Jumatatu. Jumatatu gani?" Hakuwa anapiga kelele. "Jumuiya ya parokia walikuja mara moja, wakaandika jina langu kwenye daftari la wagonjwa, wakanywa chai, wakaondoka. Kule hemani kuna mama mmoja aliushika mguu huu kwa mikono yake. Uliokuwa unanuka. Akauosha. Wewe uliuona mguu wangu ng'ambo ya barabara ukaona makala."

"Sindano unachoma?"

"Wiki ya tatu sijachoma. Nabii amesema nichague, sindano au maji yake."

Athanas alimshika mkono, akaomba waende hospitali saa ile ile. Jovitha alijiondoa. Aliacha jarida juu ya mashine akatoka, na umati wa Kariakoo ukammeza kabla sijafungua mlango wa kaunta.

Hakurudi nyumbani. Alihamia hemani, walikokuwa wanalala wagonjwa wanaosubiri muujiza. Kila siku tukifunga duka Athanas alishuka Jangwani kwa miguu na insulini ndani ya chupa ya chai yenye barafu. Wahudumu mlangoni walishamjua. "Wewe ndiye mwandishi," walimwambia, wakamwacha amesimama. Siku ya nne alipiga magoti kwenye vumbi mbele yao. Mhudumu mmoja alitoa simu akamrekodi. Ile video niliiona asubuhi yake kwenye kundi la akina mama wa mtaani kwetu: mtu mzima analia, anasema, "Niitieni mdogo wangu, nitaandika chochote mnachotaka." Chini watu wameweka vikatuni vya kucheka.

Nilimwambia aende serikali ya mtaa. Alishakwenda. Walisema dada ni mtu mzima, hajafungwa kamba.

Siku ya tisa mvua ya masika ilianza alfajiri na haikukata. Mchana Jangwani ilijaa maji kama kawaida yake, watu wakatoka hemani wakikimbia. Athanas aliacha wateja wamepanga mstari akaondoka mbio. Nami nilimfuata pamoja na Haruna, dereva wa guta anayetupakulia katoni za karatasi. Tulimkuta Jovitha amekaa juu ya spika, maji machafu yamefika magotini, macho yamelegea, hamjui mtu. Wahudumu walikuwa wanaokoa vyombo vya muziki. Athanas alimbeba mgongoni hadi barabarani, tukamlaza kwenye guta, nikamfunika na turubai la katoni. Njia nzima Athanas alikuwa anasema neno moja tu, "Samahani," na sikujua anamwambia nani.

Hospitali walimkata mguu chini ya goti. Daktari alisema angeletwa wiki mbili nyuma wangekata kidole.

Nilidhani yaliyobaki yangekuwa mepesi. Jovitha alipopata nguvu ya kusema, nilikuwepo, nimempelekea uji. Athanas alikaa kitandani miguuni pake, mahali penye nafasi sasa.

"Imani yangu ilikuwa ndogo," Jovitha alisema. "Nabii alinionya kuna mtu wa nyumbani anapingana nami."

Athanas alifungua mdomo. Nilijua ana majibu, nilishayachapa yote. Akachukua bakuli la uji akaanza kulikoroga.

"Nikitoka utanirudisha hemani," alisema Jovitha. "Usiponipeleka, sindano zako sichomi."

"Na nikikupeleka?"

"Nitachoma."

Hivyo ndivyo walivyopatana. Hema lilisimamishwa tena maji yalipokauka. Jumapili ya kwanza nilikwenda nao, kwa sababu kiti cha magurudumu kilikuwa kizito kwenye tope na Athanas alikuwa amekonda. Nilikaa nje ya kamba nikaona kila kitu. Nabii alimwita Jovitha mbele. Athanas ndiye aliyekisukuma kiti mpaka jukwaani, maana hakukuwa na mwingine.

"Mguu huu haukuliwa na kisukari," Nabii alisema kwenye kipaza sauti. "Uliliwa na kalamu ya ndugu yake. Huyu hapa!"

Watu wakasema amina. Wengine walinyoosha simu zao. Athanas alisimama nyuma ya kiti, mikono kwenye vishikio, uso umeinama, kama mtu anayesubiri karatasi imalize kutoka. Nilimwomba Mungu wangu Athanas aseme kitu, hata neno moja la yale makali yake. Jovitha alikuwa anatazama juu, machozi yanamtoka, na sijui kama ni ya furaha.

Walipotoka nje Athanas alichuchumaa kwenye kivuli cha ukuta, akafungua chupa, akatoa sindano, akapima dawa. Jovitha alipandisha blauzi akajichoma tumboni.

"Na jioni?" Athanas aliuliza.

"Na jioni. Jumatano unanileta tena."

"Nitakuleta."

Parokia walituma mtu mara mbili kuulizia makala. Padri mwenyewe alikuja dukani, akamwambia waumini wanamngoja, kwamba sasa ana ushuhuda mzito kuliko wote. Athanas alimtolea kopi zake za ratiba ya misa na kumwambia hana la kuandika. Hata misani haendi tena. Saa ile anakuwa Jangwani.

Juzi nilimuuliza kama bado anasali. Alifuta kioo cha mashine kwa muda mrefu.

"Najaribu, Badria. Nikifunga macho nahesabu saa mpaka sindano ya jioni. Sifiki kwingine." Kisha akaniuliza kama nimeisikia redio, kama wametangaza mvua wiki hii, Jangwani isije ikajaa tena kabla ya Jumatano.