Jenereta Iliyonukia Viazi Karai

Mama aliniazima nusu ya banda lake la kukaangia, pale kwetu Likoni, kwa sharti kwamba Ramadhani ikiingia nimrudishie. Humo alikaanga viazi karai na kaimati za kuuza, na humo nilitaka kuyageuza mafuta yake machakavu yawe dizeli. Mchana nilifanya kazi ya maabara kiwandani Changamwe. Jioni nilivuka feri mbio, nina hamu ya sufuria yangu kuliko ya chakula.

Pishi la kwanza liliganda. Sikuwa nimeyakausha mafuta vizuri, yalibaki na maji ya viazi, na nilipotia methanoli na kostiki, yaani magadi makali ya kutengenezea sabuni, nikapata sufuria nzima ya sabuni. Mama aliichota, akasugulia karai lake likang'aa.

"Sabuni yako nzuri, mwanangu," akasema. "Ishia papo hapo."

Nani aishie? Tatizo ni kwamba kazi yenyewe ni ya subira, na mimi subira sina hata chembe. Inatakiwa ubadilishe kitu kimoja tu kila pishi, vingine uviache vilivyo, ndipo ujue kipi kimeleta nini. Mimi nilitaka kubadilisha vyote, leo, sasa hivi! Nikajilazimisha. Nilianza na moto: ukiwa mdogo mafuta yanazembea, ukizidi methanoli inakuwa mvuke na kukutoroka. Nikatulia kwenye nyuzi hamsini na tano. Kisha kostiki, maana mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi yana uchachu unaoila. Kisha methanoli, kisha muda wa kukoroga. Kila hatua niliisimulia kwa sauti, na Mama, amenipa mgongo, alijibu "Hm," au, "Huo uchafu wako usinirukie."

Siku pishi lilipokubali nilipiga vigelegele peke yangu. Glisirini nyeusi ilitulia chini, dizeli ikakaa juu. Nikaiosha, nikaikausha, ikawa safi hata niliona vidole vyangu upande wa pili wa chupa. Ila pa kuijaribia hapakuwapo. Injini pekee ya dizeli nyumbani ilikuwa jenereta ya marehemu baba, na hiyo Mama hakuruhusu mtu hata aipanguse vumbi.

Mwezi ukaandama. Niliomba siku chache za nyongeza, Mama akanipa huku amenuna. Mara Jumapili moja mchana, siko kazini, stima zikakatika, friji imejaa nyama ya sambusa za futari, na debe la dizeli ni tupu. Mama aliitazama friji, akaitazama jenereta, akaniita.

"Abee, Mama."

"Lete hayo mafuta yako. Lakini nisikize: ukiniulia jenereta ya babako, leo hii hii watoa vyombo vyako bandani, na neno dizeli nisilisikie tena humu ndani."

Nikatia, nikavuta. Kimya. Nikavuta tena, ikakohoa, ikatema moshi, ikanguruma! Friji ikaitikia. Nilianza kucheza chakacha uani, nikakumbuka ni Ramadhani, nikaacha, nikarukaruka tu.

Ndipo harufu ikaja. Viazi karai, wallahi, vya motomoto, saa saba mchana, na watu wote wamefunga. Moshi uliruka ukuta ukaenda mtaani bila haya.

"Hodi!" Alikuwa jirani wetu wa ukuta mmoja, na nyuma yake nusu ya akina mama wa mtaa. "Mwenzangu, siwezi kunyamaza. Mwezi mtukufu huu, jua la utosi, wamkaangia nani? Na mbona wakaanga vizuri hivyo?"

Kicheko kilinikatika. Hawa ndio waliokuwa wakinunua futari kwa Mama. Wakiamini kwamba anauzia watu chakula mchana, jina lake limekwisha. Nilingoja aninyoshee kidole.

"Hapa hakaangi mtu," Mama akasema. "Ndooni mwone." Akawapeleka hadi kwenye jenereta. "Hiyo ni dizeli. Kaipika mwanangu, kwa mafuta ya viazi mlivyokula wenyewe."

Jirani akachuchumaa, akaunusa moshi, akafumba macho. "Astaghfirullah," akanong'ona. "Imekuwaje dizeli?"

Nikafungua kinywa, lakini Mama aliniwahi. "Kwanza wayakausha maji, ama sivyo huwa sabuni, muulizeni huyu. Moto hamsini na tano, usipite. Kostiki wapimia uchachu. Na wabadilisha kitu kimoja tu kila pishi, usiwe na pupa."

Kumbe zile "Hm" zote alikuwa anasikiliza! Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

"Basi izime, saumu zetu zitatutoka!" wakalia.

"Siizimi. Nyama yangu itaoza. Zibeni pua."

Waliondoka wakicheka. Alasiri nilianza kukusanya vyombo vyangu, maana siku za nyongeza zilikuwa zimekwisha. Mama akanipita na jiko lake, akarudi kuchukua karai, akaviweka uani.

"Humo mna joto," akasema. "Ramadhani hii nitakaangia nje."

Jioni ile mtaa mzima ulikuja kutaka viazi karai, vikaisha vyote. Baada ya futari nilimkuta Mama ameyachuja mafuta yaliyobaki, anayafunika kwa sahani.

"Yasije yakaingia maji," akaniambia.