Sukari Iliyoganda Ghalani Tabora

Kosa langu la kwanza katika shirika la sukari lilikuwa kuziba matundu ya hewa.

Shirika ni la serikali. Linaendesha viwanda na kusambaza sukari nchini, na hapa Tabora lina ghala karibu na reli. Nilipewa funguo kwa majaribio. Kazi ya ghala sikuisomea popote. Nilijifundisha kwa simu, na ninaogopa kukosea kuliko ninavyoogopa nyoka. Nilikuwa nafunga kufuli, nafika nyumbani, narudi kulitikisa. Magunia niliyapanga kwa kamba ya mwashi, yakabana ukutani kama matofali. Makuli wakaniita fundi wa kamba.

Kisha wakaja nyuki. Huku kwetu maua ya porini yakiisha, nyuki hufuata chochote kitamu. Waliingia kwa matundu ya juu, nami akilini nikaona tayari mtu ameumwa na mimi ndiye mwenye zamu. Nikaziba kila tundu kwa plastiki na misumari. Nyuki wakapotea. Nikajisifu peke yangu.

Mvua zikaja. Ramadhani ilipokaribia, mama mmoja mfanyabiashara wa Nzega, anayelisha maduka hadi Puge, aliingia ghalani akagonga gunia la nyuma kwa kifundo cha kidole.

"Mwanangu, mimi nimefuata sukari ya futari. Hii ya kujengea msikiti wauzie mafundi."

Makuli walicheka hadi wakakaa chini.

Magunia ya mbele yalikuwa laini. Ningeweza kumpa hayo, nikanyamaza kuhusu ya nyuma. Badala yake nikaenda kwa meneja wetu, mama asiyependa maelezo marefu.

"Shikamoo, mama. Sukari imeganda. Nilizuia hewa."

"Marahaba. Ulimuuliza nani kabla ya kuziba?"

"Sikumuuliza mtu."

"Lori la mteja wa Nzega linarudi Jumatatu. Likiondoka tupu, tafuta nafasi yako humo ndani."

Niling'oa plastiki yote, kisha tukaanza kushusha magunia.

"Fundi wa kamba, leo tunabomoa nyumba?" kuli mmoja aliuliza.

"Tunabomoa, kaka. Shika huko."

Nyuma kabisa nikaona nyuki walikuwa wanafuata nini: sukari iliyomwagika kutoka magunia yaliyochanika. Nilikuwa nimeyaficha huko mwenyewe, ili safu ya mbele ipendeze. Tukafagia, tukapiga deki, tukashona mipasuko. Matundu nikayawekea wavu. Chini tukatandika chaga za mbao. Magunia yaliyoganda tukayabingirisha sakafuni mpaka yakalegea. Yaliyokataa tukayatenga, yarudi kiwandani yakayeyushwe upya. Mgongo uliniuma, lakini sikutaka kwenda nyumbani.

Jumatatu yule mama aligonga gunia baada ya gunia. Nilitamani kumweleza kila kitu. Badala yake nikafumbata kamba yangu mfukoni.

"Pakieni," akawaambia makuli. Akanigeukia. "Umekonda, mwanangu. Na Ramadhani haijaanza hata."

Majaribio yamekwisha na funguo bado ninazo. Matundu yako wazi, kati ya magunia na ukuta kuna nafasi ya mtu kupita, na gunia lililochanika linakaa mlangoni ambapo kila mtu analiona. Kabla ya kubadilisha chochote ninauliza. Kufuli bado narudi kulitikisa.