Kiazi cha Lota

Flaviani wa Kitura hakuwa na mengi ya kujivunia. Kahawa yake ilikuwa haba, mahindi yake nyani waliyaonja kabla yake, na kwenye kwaya aliombwa kwa upole asimame nyuma. Lakini enzi hizo za Waingereza, milima yote ya Umatengo haikuwa na mtu aliyejua farasi kumshinda yeye. Angeshindwa na nani, na farasi mwenyewe alikuwa mmoja!

Farasi huyo, jike la kahawia aitwaye Lota, alikuwa wa misheni. Padri Anselmi alimpanda kwenda vigangoni. Mtunzaji wa kwanza alikuwa mtu wa fimbo. Lota akifika kwenye vijia vyembamba kati ya ngolo, yale mashimo ya kilimo yaliyojaa miteremkoni, aligoma. Akichapwa, alizidi kugoma. Flaviani aliposhika kazi aliitupa fimbo. Alitia vipande vya kiazi kitamu mfukoni, akasimama mbele, akangoja. Lota alipoinua mguu tu, Flaviani akapiga kidoko kwa ulimi, ko! Kipande cha kiazi kikafuata. Hatua nyingine, kidoko kingine, kiazi kingine. Haba na haba, mvua zilipokwisha Padri alikuwa akipita katikati ya ngolo huku anasali rozari, wala haangalii chini.

"Kidoko ni ahadi," Flaviani alipenda kusema. "Ukishapiga, mpe. Hata ukikosea, mpe."

Naye alitoa. Siku moja alikuwa ukweni, Lota amefungwa nje, akila ugali kwa mbasa, samaki mtamu wa ziwani. Utamu ukamzidi, ulimi ukalia, ko! Nje, Lota akasimamisha masikio. Flaviani akaacha ugali, akanawa, akatoka kutafuta kiazi. Mama mkwe akauliza kama huyu mkwe ana akili timamu.

"Mama, mwache," Scolastika mkewe akajibu. "Mimi mwenyewe sijawahi kuahidiwa kitu nikakipata upesi hivyo."

Kisha Padri akaletewa pikipiki. Ikaamuliwa Lota aende misheni nyingine, upande wa Manda, kwa mashua kutoka Mbaha.

"Padri, nitamlisha kwa shamba langu mwenyewe," Flaviani aliomba.

"Mwanangu, kule wanamhitaji."

Basi wakateremka ziwani, mtu na farasi wake. Huko Mbaha, Lota aliuona ubao wa kupandia mashua akagoma. Baharia mmoja akaokota fimbo. Flaviani hakuweza kuvumilia hilo.

"Weka chini," alisema. "Atapanda."

Alisimama kando ya ubao, akamwonyesha Lota mahali pa kukanyaga, akangoja. Lota akamtazama, akaweka mguu, akaweka wa pili, akaingia mashuani. Flaviani akapiga kidoko, mkono tayari mfukoni. Lakini mabaharia, kwa kuogopa asije akageuka, waliuvuta ubao papo hapo na kusukuma kwa pondo.

"Ngojeni! Sijampa!"

Aliingia majini mpaka kifuani, kiazi juu ya kichwa. Mashua haikungoja. Lota alikuwa amegeuza shingo, midomo ikitafuta.

Tangu siku hiyo Flaviani hakupiga kidoko tena, hata kwa mbasa. Alimkumbuka Lota kama mtu anavyomkumbuka ndugu yake wa damu, na kilichomuuma zaidi ni kwamba farasi yule alikwenda akimwamini. Kila mavuno ya viazi aliweka kando kimoja kizuri mpaka kikaota. Scolastika alikiona, akakiacha.

Miaka ikapita. Ndipo Methodi, katekista wa misheni ile ya Manda, akaja kwao Kitura kuwasalimu wazazi wake.

"Farasi wenu ni mpole," alisema, "ila ana ukaidi mmoja. Kila mashua ikifika anashuka ufukweni, ananusa mifuko ya abiria. Wanamfukuza, anarudi."

Flaviani aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kiazi. Alikifuta vumbi kwa shati lake, akamkabidhi Methodi kwa mikono miwili.

"Mpelekee."

"Na kile kidoko chako nimpigie?"

"Hapana, mwalimu. Mpe tu. Kidoko nilishapiga."