Viazi vya Karatina vilivyoniumbua Jumapili ya mavuno

Wakuu, nawasalimu kutoka Mweiga, na nyinyi mlio kwenye jua nawaonea wivu. Haya ni ya kweli kabisa. Shahidi wangu yuko hai, na kila Jumapili ananicheka.

Kwetu tuko watatu. Dada ni daktari, kaka ni headmaster. Mimi nilifeli Form Four, nikabaki na shamba la viazi, au waru kama tunavyosema huku.

Sasa elewa: hizo waru ndizo zilikuwa degree yangu.

Jumapili ya mavuno kila familia hupeleka kitu mbele ya kanisa, na gunia langu lilikuwa linafunika yote. Pasta ananisimamisha, makofi yanapigwa, halafu nakunywa chai kwa meza ya wageni. Siku hiyo moja kwa mwaka, mimi pia nilikuwa mtu. Niliamini hata Mungu ananijua kwa sababu ya viazi.

Mwaka huu barafu ya usiku ikachoma shamba lote. Nilichovuna ni vitu vya ukubwa wa gololi.

Mwenye akili angepeleka hata sukuma wiki. Mimi nilishuka soko la Karatina Ijumaa, nikarudi na gunia la viazi vya kuringa navyo.

Mke wangu aliliangalia, akasema, "Baba Wambui, mimi sijaona kitu."

Jumapili ikafika. Mwisho wa ibada, pasta akasimama kando ya gunia langu.

"Barafu imepita kwa shamba ya huyu ndugu na bado amebarikiwa! Kuja utuambie siri."

Nikapewa mic. "Ni mbolea ya ng'ombe," nikasema, "na maombi."

Makofi! Pasta akatangaza kwamba Jumanne wakulima wote watakuja shambani kwangu kujifunza. Nilitoka jasho, na hii baridi yote ya Mweiga.

Njia ya mwongo ni fupi, wakuu. Shosho Nyaguthii, nyanya yetu sote na mzee wa kanisa anayepokea mavuno, alikuwa ameinamia gunia. Akatoa kiazi kimoja, akakikwangua kwa ukucha.

Udongo mwekundu.

Udongo wa shamba langu ni mweusi tii! Mkulima mzima, nilikumbuka kila kitu nikasahau udongo. Na Shosho alizaliwa Gakindu, huko chini upande wa Karatina, huo mwekundu ndio uliomlea.

Alinitazama. Nikangoja aniumbue.

Akakipangusa kile kiazi kwa sweta yake, akakirudisha juu ya gunia, akaketi.

Angepiga kelele ningebisha, maana kubisha najua. Ule ukimya ulinishinda. Nikainua mic tena.

"Nimewadanganya. Hizi waru ni za Karatina. Zangu zilichomeka zote. Sina kitu."

Pasta akafunga kwa maombi, nami nikachomoka kabla ya amina kuisha. Nililia njiani kuelekea geti. Nilijua nimerudi kuwa yule wa kufeli Form Four.

"Wewe wa Karatina!" Ilikuwa Shosho, nyuma yangu. "Unaenda wapi na chai inapoa?"

"Shosho, sijaleta kitu."

"Na nani alikudanganya ati tunakukaribisha juu ya waru? Siku tulikubatiza ulikuwa unalia tu, hata meno huna. Ulikuwa umetuletea waru ngapi?"

Akanishika mkono hadi meza ya wageni, akanipa chapati mbili.

Na Jumanne wale wakulima walikuja kweli, na majembe yao na mbegu. Tukapanda upya tukichekana.

Nilichojifunza: neema haipimwi kwa gunia. Nilipendwa kabla ya kuvuna chochote, nami miaka yote nilikuwa najaribu kulipia kilichotolewa bure. Siku hizi kanisa zima, pasta akiwemo, linaniita Karatina. Naitika.

Haya, zamu yenu. Wewe umebeba gunia gani ukidhani bila hilo hutapendwa? Lilete hapa na udongo wake, usilioshe kwanza.